Antena ya nje na GPS kwenye laptopu ngumu: pini iliyokosekana na nukta iliyokaa vibaya

Kuna maswali mawili yananijia kila wiki kwenye meseji. La kwanza: "Dada, nikinunua antena ya GPS, mtandao wangu utakuwa na kasi?" La pili: "Ile laptopu ngumu unayotumia dukani, antena inachomekwa wapi?" La kwanza jibu lake ni hapana. La pili limenila hela, ndiyo maana leo nimekaa kuandika kirefu. Kama chaji iko chini, tafuta soketi kwanza.

Kwa ambao ni wageni hapa, mimi niko Nambis, Mbulu. Nina kaduka ka vifaa vya simu, na mtandaoni nauza vitunguu saumu. Nimeishia kidato cha nne, kompyuta sijasomea popote, haya yote nimejifunza kwa kuharibu. Huku kwetu ni mlima, bonde, mlima tena. Mlangoni unapata mistari mitatu ya mtandao, ukiingia ndani chini ya bati unabaki mmoja, ukishuka bondeni kwa wakulima hakuna kitu. Mteja wa Dar anauliza bei saa nne asubuhi, meseji inanifikia saa nane mchana, nikijibu nakuta ameshanunua kwa mwingine. Na wala hakwambii, anakaa kimya tu. Wewe unabaki unadhani biashara ni mbaya, kumbe ni bati.

Laptopu yenyewe ni Panasonic Toughbook CF-31, nilinunua Arusha ikiwa imeshatumika. Ina mpini kama wa sanduku, bodi ni ya magnesiamu, matundu yote yana vifuniko vya kuzuia vumbi na maji. Uzito wake unakaribia kilo nne, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya urembo. Mimi niliitaka kwa sababu naipakia kwenye boda kwenda mashambani, na laptopu ya kawaida ilinifia kwa vumbi ndani ya msimu mmoja.

Sasa hapo ndipo wengi tunapigwa. Muuzaji anakwambia "hii inakubali antena ya nje". Ni kweli, ila anaishia nusu ya maneno. Toughbook za aina hiyo zilitengenezwa zikae hata kwenye magari ya polisi na mafundi wa umeme huko Ulaya na Marekani. Ile sehemu ya antena haipo ubavuni kama tundu la kuchomeka. Mashine inakalishwa kwenye kitako maalumu kinachofungwa ndani ya gari, inagusana nacho, na kwenye kitako hicho ndipo zilipo koneta za antena. Bila kitako huna pa kuchomeka. Na si kila mashine imefungwa waya huo kwa ndani, wala si kila moja ina GPS au sehemu ya laini. Mnunuzi wa kwanza alikuwa anachagua alipie nini, akiacha haipo. Kwa hiyo ukienda kununua mwambie muuzaji awashe, ufungue orodha ya vifaa vya mashine, uone kwa macho yako kama GPS na modemu vimo. Usinunue kwa stika iliyobandikwa juu.

Kuna fundi aliniambia anaweza kuitoboa ubavuni, atoe kawaya kutoka kwenye kadi ya waifai ndani, aweke koneta nje. Inawezekana kweli. Ila ukishaitoboa, ule uwezo wa kuzuia maji na vumbi umeuaga, na vile vikoneta vya ndani ni vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, vimetengenezwa kufungwa na kufunguliwa mara chache tu. Mimi nilikataa. Ukitaka antena ya nje bila kitako, pita njia ya USB au njia ya ruta, mashine yako ibaki nzima.

Tuelewane kwanza kwamba hizi antena mbili kazi zake ni tofauti kabisa. GPS inasikiliza tu. Setilaiti ziko juu kama kilomita 20,200, zinatuma mawimbi ya megahezi 1575.42, kifaa chako kinapokea na kupiga hesabu kiko wapi. Hakihitaji bando, hakihitaji mnara, kinahitaji kuona anga. Antena ya intaneti yenyewe inasikiliza na kuongea na mnara, kwa masafa mengine: 700, 800, 900, 1800, 2100, 2600, inategemea kampuni na eneo. Kila antena imekatwa kwa saizi ya mawimbi yake. Ukifunga ya GPS kwenye modemu ili upate kasi, ni kama kuvaa miwani ya babu ukategemea usikie vizuri.

Tuanze na ya mtandao.

Nilinunua ruta ya 4G iliyotumika, yenye matundu mawili ya antena nyuma. Nikaagiza antena mbili, zikaja, nikazifunga, zikajifunga vizuri kabisa mpaka mwisho. Mtandao haukuongezeka hata kidogo. Nikapanda juu ya paa, nikageuza kila upande, baba mdogo yuko chini anasoma kwenye simu, "bado, bado". Siku mbili. Nikamlaumu muuzaji kwamba kaniuzia feki, tukarushiana maneno.

Muuzaji hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa pini. Kuna koneta mbili zinazofanana kama mapacha: SMA na RP-SMA. SMA inatumika kwenye ruta za laini na GPS, RP-SMA mara nyingi ni ya waifai. Nati zake ni saizi moja, zinaingiliana bila shida. Tofauti iko katikati. Kwenye SMA, kichwa cha antena chenye nati kina pini, na tundu la ruta lina kishimo. Kwenye RP-SMA vimegeuzwa, kichwa chenye nati kina kishimo na pini iko kwenye kifaa. Mimi nilikuwa na ruta ya SMA na antena za RP-SMA, yaani kishimo kimetazamana na kishimo, chuma hakijagusa chuma. Kwa nje imefunga, kwa ndani hakuna kitu. Na ukikutanisha kinyume chake, pini kwa pini, ukikaza unaweza kuvunja koneta ya kifaa kabisa.

Hiyo ya kugeuza haikutokea kwa bahati mbaya. Marekani ina kanuni kwamba kifaa cha waifai kiwe na koneta isiyo ya kawaida ili mtu asifunge antena yoyote anayoitaka, ndipo watengenezaji wakaigeuza pini. Sisi huku Mbulu tunalipa gharama ya kanuni ya Marekani, ndiyo biashara.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, chungulia ndani ya koneta ya kifaa chako, piga picha, mtumie muuzaji. Ukikuta kijitundu kidogo sana kwenye modemu ya mfukoni, hiyo mara nyingi ni TS9 au CRC9, itabidi ununue kawaya ka kubadilisha kwenda SMA. Ruta nyingine zina sehemu kwenye mipangilio ya kuchagua antena ya ndani au ya nje, usisahau kuigeuza. Na kama kuna matundu mawili, weka antena mbili, maana 4G inatumia njia mbili kwa wakati mmoja. Ukiweka moja itafanya kazi, lakini nusu ya faida umeiacha.

Kosa langu la pili lilikuwa waya. Baada ya kupata antena sahihi nilinunua waya mwembamba wa mita kumi ili antena ikae juu ya mlingoti na ruta ibaki mezani. Nilifurahi dakika tano. Waya una tabia ya kula mawimbi, na waya mwembamba unakula zaidi, na masafa yakiwa juu unakula zaidi tena. Hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 3 zikipotea maana yake nusu ya nguvu imeondoka. Waya wa aina ya RG58 kwenye masafa ya juu kama 2400 unakula karibu desibeli moja kila mita. Piga hesabu mita kumi: inabaki kama sehemu moja ya kumi. Antena ilikuwa inakusanya juu, waya unamwaga njiani, kama kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Tiba yake kuna mbili. Ununue waya mnene kama LMR-400, ambao kwa masafa hayo hayo unakula robo ya desibeli hivi kwa mita, lakini bei yake itakuuma na ni mgumu kukunja. Au ufanye kama mimi: ruta yenyewe niliipandisha juu. Nimeiweka kwenye boksi la plastiki chini ya upenu, mahali jua halipigi moja kwa moja, waya wa antena ni mita moja tu. Kutoka kwenye ruta kushuka dukani nimetumia waya wa mtandao, ule wa kompyuta, ambao unaweza kwenda mpaka mita 100 bila tatizo. Kama unatumia modemu ya USB ni hivyo hivyo, ila waya wa USB usizidi mita 5.

Ukishafunga, usipime kwa mistari ya kwenye simu. Fungua ukurasa wa ruta (zile za Huawei mara nyingi ni 192.168.8.1) utafute tarakimu mbili, RSRP na SINR. RSRP ni namba hasi, ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Minus 80 ni safi, minus 110 unahangaika, minus 120 karibu hakuna. SINR inakwambia usafi wa mawimbi, ikizidi 20 uko vizuri sana, ikishuka chini ya sifuri hata mistari ijae utalia. Geuza antena kidogo, subiri dakika, soma. Geuza tena. Mimi dukani nilitoka minus 113 nikafika minus 94, na siku hizi napandisha video ya bidhaa huku nahudumia mteja.

Usidhani lazima uelekee mnara uliouzoea. Mwaka 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya minara 758 kwenye kata 713 nchini, kwa hiyo upande uliokuwa mkavu juzi unaweza kuwa na mnara leo. Zungusha duara zima kabla hujafunga bolti.

Mambo mawili ya hatari. Radi: antena juu ya mlingoti huku milimani si mchezo, mlingoti uwekewe waya wa kwenda ardhini, na mvua ikianza kunguruma chomoa kila kitu. La pili ni vile viboksi vinavyouzwa kama "bustari" ya kukuza mtandao wa mtaa mzima. Hivyo vinarusha mawimbi kwenye masafa ya kampuni za simu na vinaweza kuharibu mtandao wa majirani. Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Antena ya kawaida kwenye ruta iliyoidhinishwa haina shida, bustari ya kichochoroni usiiguse.

Haya, GPS.

Mwingine atauliza, muuza vitunguu GPS ya nini? Mimi vitunguu nakusanya kwa wakulima, gari la mteja linakuja kuchukua. Anwani za makazi zilizowekwa mwaka 2022 zinasaidia sana ukiwa mjini au una nyumba yenye namba, lakini geti la shamba bondeni linahitaji pointi. Na laptopu isiyo na GPS haijui iko wapi, inakisia tu kwa waifai za jirani au kwa namba ya intaneti. Yangu kabla sijaiwekea kifaa ilikuwa inaniambia niko Dar es Salaam. Natamani.

Simu ina GPS, ni kweli, na kwa pointi mojamoja inakutosha kabisa. Mimi nina wakulima wengi, nataka pointi zote zikae kwenye ramani moja kwenye laptopu, nizione hata pasipo bando. Nilinunua kipokeaji cha GPS cha USB, kale kadogo kenye waya na sumaku chini. Hiki hakina habari za SMA, unachomeka tu. Kama mashine yako ina GPS ndani na kitako unacho, basi utahitaji antena ya GPS yenyewe, na nyingi zinahitaji umeme kidogo unaopita humo humo kwenye waya, kifaa kisipoutoa itakaa kimya.

Ukichomeka cha USB, kompyuta inakipa namba ya mlango: COM3, COM4, kitu kama hicho. Utaiona kwenye orodha ya vifaa. Ukiona alama ya njano ya mshangao, mara nyingi draiva imegoma, hasa kama chipu ya ndani ni ya kuiga. Kisha unachagua kasi. Vipokeaji vya zamani kama GlobalSat BU-353S4 vinaongea kwa 4800, vya u-blox kwa kawaida ni 9600. Ukikosea kasi utaona herufi za ajabu, usiogope, badilisha. Programu ninayotumia ni QGIS, ni ya bure, ina sehemu ya kusoma GPS. Ramani ya Google kwenye kivinjari haisomi mlango wa COM moja kwa moja, wengi wanakwama hapo wanadhani kifaa kimekufa.

Kikae wapi? Nje. Chini ya bati hakioni anga. Juu ya bati au paa la gari ni pazuri, sumaku inashika na lile bati chini yake linakisaidia. Mara ya kwanza kipe dakika kadhaa kitafute setilaiti, zinahitajika angalau nne. Mahali pa wazi utapata kosa la mita chache tu. Zamani Wamarekani walikuwa wanaharibu makusudi usahihi kwa raia, unaweza kukosea hata mita 100, wakaacha Mei 2000.

Sasa somo lililonigharimu. Kifaa kinatoa mistari kama huu:

$GPGGA,064512.00,0351.4200,S,03532.4000,E,1,08

Nimeweka tarakimu za Mbulu mjini, si za shamba la mtu. Saa iko nyuma masaa matatu, ni ya Greenwich. Ile 1 baada ya E maana yake imepata, ikiwa 0 usitumie. 08 ni idadi ya setilaiti. Mimi nilisoma 0351.4200 nikahamisha nukta, nikaandika -3.5142. Na 03532.4000 nikaandika 35.3240. Nikajiona mjanja, nikamtumia dereva.

Haisomwi hivyo. Tarakimu mbili za mwisho kabla ya nukta, pamoja na zote za baada yake, ni dakika, na dakika ziko 60. Kwa hiyo 0351.42 ni nyuzi 3 na dakika 51.42. Gawanya 51.42 kwa 60, unapata 0.857. Jibu ni -3.857. Upande wa pili 32.40 kwa 60 ni 0.54, jibu ni 35.54. Na ile S ndiyo inayoleta alama ya kutoa. Ukiisahau, mzigo wako uko Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Alama ya kutoa mimi niliiweka. Kosa la dakika peke yake, ukilipima kwenye tarakimu hizo, ni kama kilomita 45 kwa mstari ulionyooka. Dereva alikuwa mgeni, katoka Arusha na kenta, alipofika Karatu badala ya kushika barabara ya Mbulu akafuata ramani, akashika ya Mangola. Saa kumi jioni ananipigia: "Dada, nimefika kwenye pini yako, lakini huku naona vitunguu maji tu, na mbele ni ziwa." Alikuwa upande wa Eyasi! Mimi niko na mzee mkulima barabarani, magunia yameshashushwa, mawingu meusi. Vitunguu saumu na mvua havipatani. Tulifunika kwa turubai la kuazima, tukalala na magunia pale mpaka asubuhi. Mafuta ya kenta nililipa mimi, mteja akakata bei, na yule mzee msimu ule hakunipa tena mzigo. Alinirudia mwaka uliofuata, baada ya mke wake kumwombea msamaha kwa niaba yangu.

Tangu siku hiyo nikipata pointi naibandika kwanza kwenye simu yangu mwenyewe, naangalia inaangukia wapi, ndipo naituma. QGIS yenyewe inakupa namba ikiwa imeshabadilishwa, shida ni pale unaponakili mstari mbichi kama nilivyofanya. Andika tarakimu tano baada ya nukta, hapo unazungumzia kama mita moja. Ukiandika tatu tu, dereva anaweza kuwa mita mia kutoka getini, na bondeni usiku mita mia ni shamba la mtu mwingine mwenye mbwa.

Anayetaka kununua antena wiki hii, anitumie picha ya koneta kwa karibu, katikati paonekane kama kuna pini au kishimo, pamoja na jina la ruta au modemu lililoandikwa chini ya kifaa. Picha za usiku zenye flashi sizielewi, piga mchana.